Jumapili Ufuoni Malta

Jumapili hiyo shangazi, aliyehamia Malta kwa kazi ya uuguzi, alinipeleka Marsaxlokk kupunga upepo. Lo! Mashua za manjano, nyekundu na samawati, kila moja imechorwa macho omoni, ati yawalinde wavuvi. Hata majahazi ya Lamu yana macho!

Sokoni mchuuzi wa samaki alitaja bei: "Sitta!" Kumbe sita! Bahari nao huiita baħar. Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na maneno yao yakabaki, kama yalivyoingia kwetu kwa biashara. Shangazi, ambaye siku zote alilalamika kwamba Kimalta hakimwingii, alicheka hadi machozi. Tukatembea mpaka St Peter's Pool, tukaogelea weee! Jioni, basini, bado alikuwa akihesabu: sitta, sebgħa...