Betri Inywayo Haidrojeni

Hapa Umoja, shemeji hulisha watoto watatu kwa teksi, Toyota Aqua kuukuu kutoka Japani. Sasa betri yake kubwa imechoka, na bei ya nyingine inatunyima usingizi.

Ndani mna aloi ya nikeli na madini kama lanthanamu. Ikichajiwa, aloi hunywa haidrojeni kama sifongo inywavyo maji. Gari likienda, huitoa na kuleta umeme. Lakini ikinywa huvimba, ikitoa husinyaa. Miaka ikipita, hupasuka vipande vidogo na kuliwa na kemikali. Joto huharakisha uchakavu huo.

Basi, ndugu msomaji, vumbi la Eastlands walijua. Safisha tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma, wala usilizibe kwa mizigo.