Fimbo ya mbali na diski mbili

Haya basi, leo tuongee kuhusu diski. Najua si mada tamu kama simu mpya, lakini kama umewahi kusimamia seva iliyo mbali nawe, utanielewa.

Seva ninayoisema iko Lamu, katika kituo kidogo cha afya kisiwani. Mimi niko Nairobi. Daftari la wagonjwa linaendeshwa na programu niliyoiandika mimi, na kila asubuhi karani wa mapokezi huifungua kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi. Humo mna tarehe za kliniki za kina mama wajawazito, chanjo za watoto, na dawa za watu wa sukari na presha. Seva ikizimika, foleni haipungui. Kufika huko ni ndege mpaka Manda kisha boti, au basi mpaka Mokowe kisha boti. Fundi wa kompyuta kituoni hakuna. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika habari hii fimbo ni mimi.

Diski zilizokuwamo zimezeeka, kamati ya kituo ikatoa fedha za kununua mpya. Swali likawa: diski gani, na kidhibiti gani?

Kwa wasiojua, diski za kioo ni diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Wataalamu huita RAID 1. Jina RAID lilienea kutokana na andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa vizuri zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali.

Tuanze na kidhibiti. Njia ya kwanza ni kadi maalumu. Kadi nzuri ina kumbukumbu yake na betri, hivyo stima ikikatika ghafla, data iliyokuwa bado njiani kuelekea kwenye diski haipotei. Ni kifaa kizuri sana, ukiwa karibu nacho. Tatizo ni kwamba kadi nyingi huweka alama zao wenyewe kwenye diski. Kadi ikiungua, diski zako mbili nzima zinaweza kukaa hapo bila kusomeka mpaka upate kadi nyingine ya ukoo uleule. Sasa niambie, kisiwani utaipata duka gani?

Njia ya pili ni ile RAID inayokuja na bodi mama. Nyingi kati ya hizi ni programu tu iliyovishwa nguo za kifaa. Inakufunga kwenye bodi ile kama kadi inavyokufunga, na betri haina.

Njia ya tatu ni kuiachia Linux yenyewe kazi hiyo, kwa kutumia mdadm. Hapa diski yoyote kati ya zile mbili inaweza kung'olewa, ikachomekwa kwenye kompyuta yoyote yenye Linux, na data ikasomeka. Nimechagua hii. Kukosa betri ya kadi nimekufidia kwa UPS inayoizima seva kwa utaratibu stima ikipotea kwa muda mrefu.

Kuna watakaoniuliza kuhusu ZFS. Ni kweli, ina jambo ambalo mdadm haina: nakala mbili zikitofautiana, ZFS hujua ipi ndiyo sahihi, kwa sababu huhifadhi hesabu ya uhakiki ya kila kipande cha data. Mdadm huona tofauti tu, haijui mkweli ni nani. Nimepima sana. Nimebaki na mdadm kwa sababu naijua hata nikiwa na usingizi, na saa nane za usiku, simu sikioni, si wakati wa kujifunza amri mpya. Uhakiki naufanya kwenye nakala za akiba.

Tuje kwenye diski zenyewe. Muuzaji atakupa mbili pacha, zilizotoka sanduku moja. Mimi nimekataa pacha. Mwaka 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa na data hairudi. Hiyo ni kama miaka mitatu na miezi tisa. Waandishi wa programu wataitambua namba hiyo mara moja, ni 2 kwa kipeo cha 15. Fikiria sasa kioo cha diski mbili za aina hiyo, zilizowashwa siku moja. Zinakufa karibu kwa pamoja. Ulidhani una diski mbili, kumbe una moja iliyoandikwa mara mbili. Kwa hiyo nimenunua za kampuni mbili tofauti, zenye ukubwa unaolingana.

Nimechagua za kuzunguka, si SSD, kwa sababu ya bei. Katika hizo kuna mambo mawili ya kuuliza dukani. Kwanza, je, ni za SMR, yaani njia zake za kuandikia zimepandana kama vigae? Kuijenga upya diski ya namna hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu mno. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba hata baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa kazi za namna hii, zilikuwa za SMR. Pili, je, diski inakubali kuwekewa kikomo cha kuhangaika na sehemu mbovu? Diski ya kawaida ya mezani inaweza kung'ang'ania sehemu moja zaidi ya dakika, wakati Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuiona ina hitilafu. Katika kioo, diski inafaa kukata tamaa mapema, kwa kuwa mwenzake ana nakala. Zangu nimeziwekea sekunde 7.

Usitegemee kwamba diski itakuonya. Utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliotazama diski zaidi ya 100,000, ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Ndiyo maana seva hunitumia ujumbe kila asubuhi hata kama hakuna tatizo. Ujumbe usipofika, najua.

Kabla ya kuisafirisha, niliiwasha kwa diski ya kwanza peke yake, kisha kwa ya pili peke yake. Kioo kisichoweza kuwaka kwa upande mmoja ni pambo. Kila diski nikaibandikia karatasi, moja nyekundu, moja kijani. Ilipofika tukafanya mazoezi kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitoe ipi?"

"Ya kijani, mama. Nyekundu usiiguse kabisa."

"Nishatoa. Na wagonjwa bado nawaona hapa."

Dakika tano, pamoja na salamu.

Kioo si nakala ya akiba. Karani akifuta jina kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Akiba haiozi, kwa hiyo kila usiku nakala iliyofungwa kwa siri hupanda kuja Nairobi.

Na fedha ambazo zingenunua kadi? Zimenunua diski ya tatu. Iko Lamu, ndani ya kabati la dawa, ina karatasi ya manjano, na ufunguo anao karani.