Safari ya Siku Moja kwa Treni Kwenda Kuona Bustani



Sisi watu wa bonde la Kilombero tunasafiri sana. Tunasafiri kwenda msibani, harusini, hospitali na sokoni. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kupanda treni kwa kusudi moja tu, yaani kwenda kutazama bustani na kurudi nyumbani jioni?

Katika nchi ya China watu hufanya hivyo kila siku. Leo tutaeleza wanachokwenda kukitazama. Kisha tutapanda treni yetu hapa Ifakara na kwenda Mang'ula. Huko utaona kwamba habari ya bustani za Wachina inatuhusu sisi pia.

BUSTANI ZA SUZHOU

Mashariki ya China kuna mji mkubwa wa bandari uitwao Shanghai. Chini ya kilometa 100 kutoka hapo, upande wa magharibi, uko mji wa kale uitwao Suzhou. Asubuhi watu hupanda treni Shanghai. Hushuka Suzhou, hutembea katika bustani, na jioni hurudi makwao.

Bustani hizo si mashamba. Zilitengenezwa zamani na matajiri, wasomi na maofisa wa serikali ya wafalme. Kila bustani imezungushiwa ukuta. Ndani utakuta vitu vinne: mawe, maji, mimea na majengo. Mawe hupangwa yafanane na milima. Maji hukaa katika vidimbwi vyenye samaki na mayungiyungi. Mimea ni kama mianzi na misonobari. Majengo ni vibanda vya kupumzikia, madaraja madogo na njia zenye paa. Njia hizo hazikunyooka. Zinapinda makusudi, ili mtu akitembea hatua chache aone sura mpya.

Bustani iliyo maarufu kuliko zote ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1500. Aliyeianza ni ofisa aliyekuwa ameacha kazi serikalini, jina lake Wang Xianchen. Ina ukubwa wa hekta 5 hivi, yaani kama eka 12. Jina la bustani hiyo lilitokana na maandishi ya mtu wa kale zaidi. Mtu huyo alieleza kwamba mtu asiye na ujanja wa mambo ya utawala, siasa yake ni kumwagilia bustani na kuuza mboga ili apate chakula. Kwa hiyo bustani hii ya fahari, inayotazamwa na watu wa dunia nzima, ina jina linalokumbusha tuta la mboga.

Mwaka 1997 bustani nne za Suzhou ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2000 zikaongezwa tano nyingine.

Sasa jiulize. Kwa nini watu hao walihangaika kujenga milima ya mawe? Ni kwa sababu mji wao uko kwenye tambarare yenye mifereji mingi. Walitamani milima na maji ya porini, lakini kazi iliwafunga mjini. Basi wakaleta mawe kutoka Ziwa Tai, wakajijengea milima midogo uani. Pia walikuwa na ujuzi wa kuazima mandhari. Waliipanga bustani ili mtu aliye ndani auone mnara ulio mbali nje ya ukuta, kana kwamba mnara huo ni sehemu ya bustani yake.

Wewe unayekaa Mang'ula, Kisawasawa, Mbingu au Chita, tazama nje ya mlango wako. Milima ya Udzungwa hiyo hapo. Hukuijenga wala hukuiazima. Je, huwa unaitazama?

TUPANDE TRENI

Sasa tuanze safari yetu. Kabla ya siku ya safari, uliza stesheni treni inapita siku gani na saa ngapi. Ratiba za reli hii zimebadilika mara nyingi, na treni inayotoka mbali huweza kuchelewa. Ikiwa siku hiyo hakuna treni ya abiria, basi la Kidatu litakufikisha. Chukua maji ya kunywa, chakula kidogo na viatu vizuri vya kutembelea.

Reli yetu ni Reli ya TAZARA, ambayo wengi huiita Reli ya Uhuru. Urefu wake ni kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa ili Zambia ipate njia ya kwenda baharini bila kupita katika nchi zilizotawaliwa na wakoloni na makaburu. Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mkataba mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Reli ilikamilika mwaka 1975, na ilikabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba.

Kutoka Ifakara, treni ya kwenda Dar es Salaam inaelekea kaskazini. Kaa upande wa kushoto wa behewa. Hapo utaiona milima njia nzima. Upande wa kulia ni bonde. Utaona mpunga, migomba, na kadiri unavyosogea mbele utaona mashamba ya miwa. Si safari ndefu. Kutoka Ifakara mpaka Mang'ula ni chini ya kilometa 60.

Kama ungeelekea upande wa pili, ungepita Mbingu, Mngeta na Chita mpaka Mlimba. Baada ya Mlimba reli inapanda kwenda Makambako. Kipande hicho kina urefu wa kilometa 158 hivi, nacho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Wajenzi walitoboa mahandaki 18 na kujenga madaraja 46. Wachina zaidi ya 60 walikufa wakati wa kazi ya reli hii, na Waafrika pia walipoteza maisha. Makaburi ya wataalamu wa Kichina yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Treni ikikupeleka kwa raha, wakumbuke watu hao.

BUSTANI ZA KAMBINI

Shuka Mang'ula. Wakati wa ujenzi hapa palikuwa na kambi kubwa. Palikuwa na karakana ya kutengeneza vipuri na vyuma vilivyohitajika relini. Baadaye karakana hiyo ikawa kiwanda cha Serikali ya Tanzania.

Wachina waliokaa katika kambi za reli hawakuwa na mapambo. Hawakujenga vidimbwi wala milima ya mawe. Lakini walilima. Kando ya kambi zao walitengeneza matuta ya mboga na kuyamwagilia. Mafundi waliokuwa wakishika nyundo mchana walipata nafasi ya kushika jembe. Hawakungoja mboga iletwe kutoka Dar es Salaam.

Hizo ndizo bustani za Wachina zilizowahi kuonekana katika bonde letu. Nazo hazikuwa mbali sana na wazo la yule mtu wa kale: mwagilia bustani yako, ule jasho lako. Leo mboga tunayoiita chainizi inauzwa karibu kila soko la Tanzania. Ni ya ukoo wa kabichi, na asili yake ni China.

BUSTANI ISIYO NA UKUTA

Kutoka stesheni, elekea lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Kuna kiingilio, lakini Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Ndani hakuna kutembea kwa gari. Kila mtu huenda kwa miguu, na kiongozi wa hifadhi huwaonyesha wageni njia.

Njia fupi inakwenda kwenye maporomoko madogo yaliyo karibu na lango. Ukiwa na nguvu na muda, nenda Sanje, ambako maji huanguka meta 170 kwa jumla. Utasikia ubaridi kabla hujayaona maji yenyewe.

Msituni wamo wanyama wasiopatikana penginepo. Mmoja ni mbega mwekundu wa Udzungwa. Mwingine ni mangabe wa Sanje, ambaye ni aina ya kima. Wataalamu walimfahamu mwaka 1979 tu, tena kwa kuelezwa na mwenyeji aliyeitambua sauti yake. Yaani mkulima na mwindaji wa hapa alikuwa akijua jambo ambalo vitabu vya dunia vilikuwa havijalijua.

Tazama sasa: mawe yapo, maji yapo, mimea ipo. Ndivyo vitu ambavyo watu wa Suzhou walivitafuta kwa gharama kubwa.

FAIDA YA MSITU NA SHIDA YA KUNI

Msitu huu si wa kutazama tu. Mvua ikinyesha mlimani, udongo wa msituni hunywa maji na kuyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana vijito vya Udzungwa hutiririka hata kiangazi. Vijito hivyo huingia katika mashamba yetu na katika Mto Kilombero. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero. Na juu ya Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kutoa megawati 2,115 za umeme. Kijito kidogo cha kijijini kwako kina kazi kubwa.

Lakini tuseme ukweli. Ulinzi wa msitu umewagharimu watu wa vijiji vya jirani. Zamani waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Mzigo ulimwangukia zaidi mama wa nyumbani, kwa maana yeye ndiye anayetafuta kuni. Kumwambia "hifadhi msitu" bila kumwonyesha atapika kwa nini ni kumwongezea mzigo tu.

Dawa mojawapo ni kupanda miti ya kuni nyumbani, mipakani mwa shamba na shuleni. Dawa nyingine ni jiko lililozibwa vizuri kwa udongo, ambalo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Na viongozi wa kijiji waulize bila kuogopa: miche itatoka wapi, na nani ataitunza? Miti ikikua, mama hatatembea mbali, na mlima utabaki na msitu wake.

BUSTANI YAKO

Jioni panda treni au basi urudi Ifakara. Kesho yake anza bustani yako. Huhitaji ukuta wala mawe ya Ziwa Tai. Fanya hivi:

1. Chagua mahali karibu na nyumba, panapopata jua na pasipotuamisha maji.

2. Lima tuta la upana wa meta moja, ili uweze kufika katikati bila kulikanyaga. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri.

3. Sia mbegu za chainizi kitaluni. Miche ikifika wiki tatu au nne, ihamishie tutani wakati wa jioni. Acha sentimeta 30 kati ya mche na mche.

4. Mwagilia asubuhi au jioni. Funika udongo kwa nyasi kavu ili maji yasikauke upesi.

5. Baada ya mwezi mmoja hivi anza kuchuma majani ya chini. Acha ya juu yaendelee kukua.

Kiangazi, mpunga ukiwa umeshavunwa, ndio wakati mzuri wa kazi hii. Ndio pia wakati mboga inapopanda bei. Tuta moja litawapa watoto mboga. Matatu yatakupa na fedha ya daftari.

Kisha weka kigoda kando ya tuta, mahali unapoiona milima. Kupumzika baada ya kazi si uvivu. Kaa na watoto, uwaeleze maji ya bustani yenu yanatoka wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini watu wa Suzhou walijenga milima ya mawe?

2. Kijito kilicho karibu na kijiji chenu kinatoka wapi? Je, maji yake yamepungua?

3. Kina mama wa kijiji chenu wanapata wapi kuni? Kijiji kinaweza kuwasaidiaje?

4. Utapanda mboga gani kiangazi kijacho?