Shimo si la Aliyeliona

Kipande cha reli kati ya Kilosa na Gulwe hakijawahi kumzoea mtu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, huku kwetu imelazwa ndani ya bonde la mto: Mkondoa upande wa Kilosa, Kinyasungwe upande wa Gulwe. Miezi mingi ya mwaka Kinyasungwe ni mchanga mtupu, mbuzi wanakatiza watakavyo. Mvua ikinyesha huko juu kuelekea Dodoma, sisi jua linatuwakia utosini, maji yanateremka na kuanza kulila tuta. Mwanzoni mwa 2010 yalilila kweli, treni zikasimama kwa miezi.

Baada ya mafuriko hayo ndipo nilipopewa unyapara wa genge la reli hapa Gulwe. Naeleza habari za mto kwanza kwa sababu bila mto ushuhuda wangu hauna maana. Wengi hudhani genge la reli linategemea misuli ya kushika mtarimbo na sururu. Misuli tulikuwa nayo. Kinacholinda njia ni habari. Mtu anatembea na reli asubuhi, anaona kokoto zimetitia chini ya mataruma mawili matatu. Akisema, treni inapunguziwa mwendo na shimo linajazwa siku hiyo hiyo. Akinyamaza, mnasubiri bahati. Na upande huu wa nchi hatuchezi na bahati: tarehe 24 Juni 2002, hapo jirani kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Ile ilikuwa habari ya breki, si ya tuta, lakini kila mfanyakazi wa reli wa huku anaibeba kichwani.

Genge nililokabidhiwa lilikuwa na adabu sana. Nikiuliza asubuhi, "Njia ikoje?" jibu lilikuwa moja: "Salama, nyapara." Nilifurahia adabu ile kwa muda, mpaka siku nilipokwenda kunywa chai kwa mama lishe pale stesheni, naye akaniuliza kama lile shimo la kuelekea Godegode tumeshalifukia. Shimo gani? Mzee mmoja wa genge langu, mtu aliyekaribia kustaafu, alikuwa amelisimulia pale kibandani jana yake. Mama lishe anajua, mimi sijui!

Nilimfuata jioni nyumbani kwake. Tulisalimiana kwa Kigogo, nikakaribishwa kigoda, tukazungumza mtama na ng'ombe kwanza kama inavyopasa. Kisha nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

Hakuona haya. "Mwanangu, zamani nilifanya kazi kwa bwana mmoja, mbali na hapa. Kwake ukileta shimo, shimo linakuwa lako. Kwa nini hukuliona jana, kwa nini hukuliziba, ulikuwa umelala wapi. Nikajifunza."

Bwana huyo sikumjua wala hajawahi kukanyaga Gulwe, lakini ndiye aliyekuwa akiliongoza genge langu. Hilo ndilo lililonigeuza. Nilikuwa nadhani kiongozi mpya anaanza na ukurasa mweupe, kumbe anarithi woga wa mabwana wote waliomtangulia, hata wa kampuni nyingine. Mzee mwenyewe alikuwa kijana mwaka 1971, Mwongozo wa TANU ulipotoka, na aliikumbuka vizuri aya ya 15 iliyokataza viongozi majivuno na ubabe. Aliisifu. Ila karatasi haikumtoa woga.

Asubuhi iliyofuata nilimpakia kwenye kiberenge, tukaenda shimoni na vijana. Nikashika chepeo, nikamwambia mbele yao, "Mzee, tuelekeze." Akaelekeza, na sauti ikampanda kadiri kazi ilivyokwenda. Tangu hapo nilijiwekea sharti: anayeleta habari mbaya, swali langu la kwanza ni "Wapi?" "Nani" na "kwa nini" yatasubiri mpaka njia iwe salama, na mara nyingi tukifika huko hayana kazi tena.

Gharama ilikuwepo. Niliambiwa habari za kila kichuguu. Kuna kijana nilimshuku anaripoti ili apande kiberenge tu. Nilimwacha. Heri safari ya bure kuliko kimya.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kilimo. Mvua za kwanza ndizo za kupanda mtama na uwele, na ndizo hizo hizo zinazotaka genge zima liwe njiani. Kila mwaka watu "waliugua" Desemba. Safari hii niliwakalisha nikawaambia ukweli: nahitaji idadi fulani ya watu kila siku, nani awe wapi pangeni wenyewe. Walipanga zamu kwa kujua shamba la nani lina udongo mzito na nani ana wake zake wa kumsaidia, mambo ambayo nisingeyajua hata ningekesha na daftari. Ugonjwa wa Desemba ukapungua sana.

Sasa Gulwe ina stesheni ya reli ya kisasa, na tangu Julai 2024 treni za umeme zinawafikisha abiria Dodoma. Mto ni ule ule. Ninyi vijana mnaokabidhiwa watu kwenye reli hiyo, na kwenye ofisi nyingine zozote, kabla mvua hazijaanza nendeni mkakae na yule anayetembea njia. Mwulizeni ni kipande gani kinamkosesha usingizi, halafu mwende naye mkakione.