Aliyekufa Mwembeni Hakuwa Buibui

Niliyemuua kwa kandambili kwenye mwembe wetu hapa Masii alikuwa vunjajungu. Majirani niliwaambia ni buibui wa sumu, nao wakaamini, maana nimefundisha watoto wao wengi.

Siku hizo nilikuwa nimetumiwa kwenye simu picha ya buibui wa mchangani mwenye macho sita, anayeogopwa kwa ukali wa sumu yake. Maelezo niliyasoma juujuu. Basi nilipoona kitu cha kahawia kilichokunjamana kama jani kavu kikining'inia kichwa chini, kikiyumbayumba pasipo upepo, kisha kikainua mikono yenye miiba, moyo ulinipasuka. Nikapiga kelele watoto wasisogee. Mjukuu wangu akasogea hata hivyo, akamkazia macho. "Susu, mbona ana miguu sita? Na ana mabawa." Nikamkemea mbele ya wenzake, nikampiga yule mdudu.

Mtoto alikuwa amekwisha kutoa jibu. Buibui ana miguu minane na hana mabawa. Tena huyo wa macho sita makao yake ni majangwa ya Namibia na Afrika Kusini, ambako hujifukia ardhini, chembe za mchanga zikamganda mwilini, akavizia hapohapo. Mwembeni atafuata nini? Vunjajungu naye ni mviziaji, ila maficho yake ni mwili wenyewe, ulioumbwa mfano wa jani. Sumu hana. Nzi na nondo huwakamata kwa mikono ileile iliyonitisha.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniuma zaidi. Jirani mmoja, kwa neno langu, alipulizia dawa miembe yake yote ikiwa imechanua, nyuki wakiwa juu ya maua. Na buibui mjane wa kahawia, mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, ambaye kweli yupo kwetu na hupenda pembe za vyoo na chini ya viti, sikuwa nimemwonyesha mtoto hata mmoja.

Nimepita boma kwa boma nikisema nilikosea, na kwa huyo jirani nilikwenda mapema. Lakini nilianza na mjukuu wangu. Nilimwambia, wenzake wakisikia, kwamba yeye alihesabu miguu na mimi sikuhesabu, na kwamba nilimnyamazisha kwa kuwa nilitaka nionekane ninajua.