Gugu na Jembe katika Ugogo

Gugu ni jani lililoota mahali ambapo mtu hakulitaka. Maana hii ni fupi, na kwa mtu akaaye kwao yatosha, kwa kuwa tangu utoto amejua jani la kung'olewa na jani la kuachwa, wala hakuna amwulizaye sababu. Taabu huanza mtu atokapo kwao. Katikati ya nguo na vitabu vyake huchukua pia hukumu zote alizokwisha kuzitoa juu ya majani, akaenda kuzitumia juu ya majani ambayo hajapata kuyaona.

Dodoma imepokea wageni wengi wa namna hiyo. Mji huo ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukakaa miaka mingi ukiingoja serikali. Na tangu 2016, serikali ilipoanza kuhamia kweli, nyumba zimeota mahali palipokuwa na miiba. Miongoni mwa wakaao humo wamo walimu, waganga na wahandisi kutoka nchi za mbali, na baadhi yao ni wapenzi wa bustani. Makwao bustani ilikuwa burudani ya Jumamosi. Hapa, juu ya uwanda wenye kimo cha mita zaidi ya 1,100, mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Apandaye akichelewa wiki mbili amechelewa mwaka.

Jambo la kwanza alitafutalo mgeni ni zana. Hukumbuka kijiko cha kupandia miche, uma wa kutifulia, na jembe jembamba la mpini mrefu ambalo mtu hulisukuma akiwa amesimama wima. Huenda soko la Majengo, kisha Sabasaba, kisha huzunguka katika maduka ya pembejeo. Hukuta majembe yasiyo na mipini, mapanga, mafyekeo, reki, matoroli, mabomba ya kunyunyizia dawa yabebwayo mgongoni, na mbegu za nyanya na vitunguu katika makopo. Kijiko chake hakipo. Mwuzaji humwuliza kwa adabu kijiko hicho ni cha kazi gani, na akiisha kuelezwa humpa jembe. Mpini hununuliwa mbali, kwa mchongaji, na mchongaji mwema humtazama mnunuzi kimo chake kabla ya kuchagua mti.

Haifai kusema kuwa jembe ni la wenyeji na kijiko ni cha wageni, kwani katika Ugogo jembe la chuma nalo lilikuja safarini. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilipita ikielekea pwani, ikalipa hongo kwa watemi wa Wagogo ili ipate maji na njia, na miongoni mwa vitu ilivyovichukua kwa biashara na malipo yalikuwamo majembe yaliyofuliwa magharibi. Mgeni yule alikaribishwa, akabaki, na leo hakuna amkumbukaye kuwa ni mgeni. Nguvu za chuma chake zilisaidia, lakini sababu kubwa ilikuwa kwamba aliingia katika mikono iliyokwisha kuijua ardhi.

Mgeni wa siku hizi akishindwa kupata zana za kwao hugeukia dawa. Dawa za kuua magugu zipo madukani, na tangu 2020 iko mamlaka ya serikali iangaliayo afya ya mimea na viuatilifu. Dawa hufanya kazi yake kwa uaminifu wa mtumwa asiyeuliza. Ndago, ambayo jembe huikata vipande na kwa kuikata huizidisha, maana kila kiazi chake kidogo kikiachwa udongoni huwa mche mpya, yaweza kudhoofishwa kwa dawa ifikayo mizizini. Mbigiri, iumizayo miguu na kutoboa mipira ya baiskeli, haina wa kuilia. Lakini bomba la mgongoni halichagui, na yako majani ambayo jirani asingependa yachaguliwe.

Pengine mgeni huinama bustanini baada ya mvua ya kwanza, aking'oa kwa bidii na kurundika njiani. Mama mzee wa jirani husimama ukingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatupa mboga?"

Katika rundo lile mna mchicha wa porini, mna mgagani, mna majani ya mlenda. Mlenda huo, mbichi au uliokaushwa na kusagwa ukawa unga, ndio kitoweo cha ugali wa mtama na uwele kwa Wagogo, na katika miezi ya kiangazi, bustani zote zikiisha kukauka, mara nyingi ndio mboga pekee iliyobaki chunguni. Mwanamke apaliliaye shamba lake huwa anafanya kazi mbili kwa mkono mmoja: asichokitaka hukitupa, akitakacho hukitia katika upande wa kanga. Mgeni huyu alikuwa amejishughulisha asubuhi nzima kuiharibu akiba ya mtu mwingine. Bibi hakumlaumu, bali aliomba rundo, akaenda nalo.

Kosa la bustani ndogo hulipwa kwa aibu ndogo. Lakini kosa hilohilo liliwahi kutendwa kwa kipimo kikubwa, kwa mwendo usiotimia kilomita 100 mashariki ya Dodoma, nalo lililipwa kwa mamilioni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe katika Tanganyika kwa mashine. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ulizunguka wiki chache, ukarudi na hesabu: eka 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kongwa ilichaguliwa kuwa pa kuanzia. Ardhi ile ilionekana tupu. Neno "tupu" lastahili kuangaliwa sana, kwa sababu ni neno lilelile lisemwalo na mgeni wa bustani aonapo uwanja uliojaa mlenda.

Kazi ilianza 1947, na jambo la kwanza lilikuwa kutafuta zana. Viwanda vya baada ya vita havikuwa na matrekta ya kutosha, basi yakanunuliwa machakavu kutoka akiba za majeshi, mengine mbali sana huko Filipino. Na vifaru vya Sherman vikageuzwa na Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili ili iburutwe na kuangusha miti. Ni vigumu kuipita picha hiyo bila kusimama: vyombo vya vitani na vya baharini vimeletwa mahali pasipo vita wala bahari, kupigana na vichaka. Vichaka havikukosa majibu. Mizizi migumu ilipinda na kuvunja majembe ya trekta. Nyuki waliokaa katika mapango ya mibuyu waliwafukuza madereva. Mashina yaliyokatwa yalichipua tena. Udongo wenyewe, ambao haukupimwa vya kutosha, ulikuwa na chembe kali za mchanga zilizokula chuma, na jua lilipouchoma uligeuka kama tofali, hata karanga zilizokomaa hazikutoka kwa urahisi. Katika mwaka wa kwanza eka 150,000 zilikusudiwa. Zilizopandwa zilikuwa zipatazo 7,500. Mvua nayo ilikuja kupungua, na alizeti iliyojaribiwa badala ya karanga haikupona. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikatajwa kuwa pauni milioni 36. Ardhi ya Kongwa ikageuzwa malisho ya ng'ombe.

Wengi husimulia habari hii kwa kicheko, kisha huhitimisha kuwa mwenyeji ajua yote na mgeni hajui lolote. Hitimisho hilo ni la uvivu. Ugogo ulijua njaa kabla ya trekta kufika. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na watu, iliua na kutawanya watu wengi mno. Na desturi iitwayo kuberega, yaani kufyeka na kuchoma majani bila kutifua udongo, huokoa nguvu za mlimaji mwenye haraka ya mvua, lakini mavuno yake huwa haba na magugu hurudi mapema. Mwenyeji naye hujifunza, tena kwa gharama, maana hana bunge la kumfutia hasara.

Gugu limtishalo mkulima wa uwanda huu kuliko yote si ndago wala mbigiri. Ni kiduha. Kiduha huanza maisha yake chini, kikishika mizizi ya mtama, uwele au mahindi na kuinyonya kabla hakijaonekana. Kikitokeza na maua yake madogo mekundu, mazao yamekwisha kudhoofika. Mche mmoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu, laini kama vumbi, ziwezazo kungoja udongoni miaka zaidi ya 10. Haziamki ovyo, huamshwa na kemikali itokayo katika mizizi iliyo jirani. Hapo ndipo lilipo jambo la ajabu: mizizi ya karanga nayo yaweza kuziamsha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu yake, basi huamka kikafa kwa njaa. Zao lilelile lililoletewa minyororo ya nanga lilikuwa na faida katika ardhi hii ambayo katika hesabu za 1946 halikutafutiwa, nayo hupatikana kwa mkulima abadilishaye karanga na mtama katika eka zake mbili.

Wala si kila msaada wa mbali hushindwa. Mwaka 2002 wakulima wa Tanzania waliidhinishiwa aina mbili za mtama ziwezazo kukistahimili kiduha, zikapewa majina ya Hakika na Wahi. Asili yake ni Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, katika kazi ya Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mbegu hiyo ilisafiri mbali kuliko matrekta ya Filipino. Tofauti ni kwamba watengenezaji wake walianza kwa kuliuliza gugu lenyewe huishije, ndipo wakatafuta zana.

Hata hivyo mbegu bora haimwondolei mtu kuinama. Kiduha huwahiwa kabla ya kuzaa, na kilichokwisha kutoa maua hakiachwi shambani, kwa kuwa mbegu zaweza kukomaa hata baada ya kung'olewa, hukusanywa kikachomwa. Katika vijiji vya Kongwa karanga zalimwa hata leo, katika mashamba madogo, na majembe huingia mapema, wiki mbili au tatu baada ya miche kutokeza. Mmea ukiisha kushusha vikonyo vyake udongoni, jembe huwekwa kando ya shamba, na palizi huendelea kwa vidole.