Usingizi wa watu wawili kwa mashini moja

Sisi tunaoandika haya ni mume na mke. Tulifunga ndoa mwaka wa 1984, na tunakaa Lubumbashi. Mmoja wetu analala na mashini. Mwingine analala karibu ya mashini. Watu wakitaka habari zake wanamwuliza Baba peke yake, kama vile Mama hakuwamo chumbani. Ndiyo sababu tunaandika sisi wawili: kuizoea mashini hii ilikuwa kazi ya wawili, na pengine sehemu iliyo ngumu zaidi haikuwa ya yule anayeivaa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwetu kukoroma ni jambo la kucheka. Mtu akikoroma husemwa amekula vizuri, hana deni wala mashaka. Baba alikoroma tangu ujana wake, na kadiri miaka ilivyoongezeka na shingo yake ilivyonenepa, sauti nayo iliongezeka. Mchana alisinzia. Alisinzia kwenye kiti, alisinzia katika mkutano wa wazee wa mtaa, na wakati wa mahubiri, tusifiche, wajukuu walishindana ni nani atakayemfinya. Watu walisema ni uzee, wengine walisema ni uvivu. Baba mwenyewe alisema amelala vizuri usiku kucha, ila kila asubuhi kichwa kinamwuma, na usiku anaamka mara tatu au nne kwenda kukojoa.

Lakini Mama alijua jambo lingine. Kukoroma kulikatika. Sauti inapanda, inapanda, halafu kimya. Kifua kinahangaika, kinavuta, lakini hewa haiingii. Mama anahesabu: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Mara Baba anaruka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta pumzi kwa nguvu, na makelele yanaanza upya. Ikiwa hesabu imekwenda mbali, Mama anampiga kiwiko mbavuni. Asubuhi Baba hakumbuki kitu.

Mwaka wa 2019 tulikwenda Ubelgiji kumtazama mtoto wetu aliyeolewa kule. Usiku wa kwanza mkwe wetu alisikia yote kupitia ukutani, na juma lile lile akampeleka Baba kwa munganga. Walimpa chombo kidogo cha kulala nacho: mkanda kifuani, kimpira chembamba chini ya pua, na kitu kama kibanio kwenye kidole cha kupima oksijeni iliyomo damuni. Asubuhi waganga walisoma hesabu. Katika kila saa moja ya usingizi, pumzi ya Baba ilizibwa au ilipungua sana mara 46, na kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Kuanzia mara 5 kwa saa waganga wanaanza kusema kuna ugonjwa. Kupita 30 wanasema ni mkali. Munganga alipotaja ile 46, Mama hakushangaa. Alikuwa ameihesabu zamani.

Kisa chake ni koo. Tunapolala, nyama laini ya kooni inalegea. Kwa watu wengine inalegea mno, na ulimi unarudi nyuma, basi njia ya hewa inafungwa, sawa na mpira wa baisikeli uliokanyagwa. Oksijeni inashuka damuni, moyo unapiga mbio, ubongo unamwamsha mtu nusu tu, kiasi cha kufungua njia, halafu analala tena. Kwa hiyo mtu wa namna hii anapigana usiku mzima na hajui kwamba alikuwa vitani. Ugonjwa huu ukiachwa hivyo hivyo huenda pamoja na shindikizo kubwa la damu, ugonjwa wa moyo na kupooza. Wenye shingo nene huupata zaidi, na pombe huuzidisha, lakini hata watu wembamba wanao.

Zamani dawa yake ilikuwa ya kuogofya. Waganga wa Ufaransa na Ujerumani waliueleza vizuri ugonjwa huu mwaka wa 1965, na baada ya hapo wagonjwa walio katika hatari walitobolewa tundu shingoni, chini ya pale panapoziba, wapumue kwa tundu hilo wakati wa kulala. Ndipo mwaka wa 1981 munganga mmoja wa Sydney, katika nchi ya Australia, jina lake Colin Sullivan, alieleza pamoja na wenzake namna nyingine, waliyoijaribu kwa wagonjwa 5. Kwa nini kukata koo, ikiwa hewa yenyewe inaweza kulitegemeza? Mashini inavuta hewa ya chumbani, inaisukuma katika bomba mpaka puani, na hewa hiyo inashika koo wazi kutoka ndani, kama upepo unavyotanua gunia. Wazee wetu wa Katanga waliofua shaba kwa mivukuto wangeielewa mara moja. Waganga wanaiita CPAP. Si oksijeni, na si dawa. Ni hewa hii hii yetu. Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, kutoka 4 mpaka 20. Ya Baba iliwekwa 10. Ukitaka kuijua nguvu hiyo, tia mrija sentimita 10 ndani ya maji, upulize mpaka yatoe mapovu. Ni hiyo tu.

Watoto walichanga fedha, mashini ikanunuliwa, tukarudi nayo nyumbani.

Usiku wa kwanza Baba alivaa kifuniko cha pua, akafunga mikanda kichwani, na baada ya dakika kumi akakiondoa. Alisema anaona kama amezikwa akiwa hai na mtu anampulizia usoni. Usiku wa pili alilala nacho, lakini asubuhi tulikikuta chini ya kitanda. Mikono yake ilikivua katika usingizi. Ilikuwa hivyo karibu majuma matatu. Tulimpigia simu mlezi wa wagonjwa kule Ubelgiji, naye akatoa shauri lililotusaidia kuliko yote: asikivae kwanza usiku. Akivae mchana, ameketi macho, mashini inafanya kazi, huku akisikiliza radio. Kisha alale nacho kidogo baada ya chakula cha mchana. Mwili ukikubali mchana, usiku hautagoma. Basi wageni wetu walizoea kumkuta mzee barazani na bomba puani, anafuata habari za mpira.

Mambo madogo yalitutesa pia. Kinywa kilifunguka usingizini, hewa ikatoka kwa pale, na Baba akaamka ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Mama alishona ukanda wa kitenge wa kushika kidevu. Mikanda ya kifuniko ilichora mashavu. Mama akaifunika kwa kitenge kile kile. Ndevu zilizuia kifuniko kushikamana vizuri, hewa ikalia pembeni kama nyoka, na kwa hiyo ndevu ambazo Baba alizitunza tangu kuzaliwa kwa mtoto wetu wa tatu zilinyolewa. (Mama anasema hasikitiki.) Siku nyingine alimeza hewa, akaamka tumbo limejaa. Tena kifuniko kina matundu madogo ya kutolea hewa iliyotumika. Matundu hayo hayazibwi kamwe, lakini upepo wake unampiga shingoni yule mwenzake aliyelala. Tulibadilishana upande wa kitanda, baada ya miaka 35.

Tulipata na habari za jirani. Mwaka wa 2020, wakati wa Kovidi, mtu mmoja alimwona Baba kwa dirisha na bomba lake, na kesho yake lupango mzima ukajua kwamba tunaficha mgonjwa wa oksijeni. Tuliwaita waje waone. Tuliwasha mashini, tukawapulizia mikononi. Wengi walicheka. Mmoja hakucheka, akauliza inagharimu nini.

Sasa tuseme jambo lisiloandikwa katika kitabu cha mashini. Usiku ule wa kwanza Baba aliolala na kifuniko mpaka kunakucha, Mama hakulala hata kidogo. Kimya kilimtisha. Miaka yote hiyo makelele ndiyo yaliyomwambia: mume wako yu hai. Kimya kilikuwa na maana moja tu: anza kuhesabu. Na sasa, kimya usiku kucha! Alihesabu mpaka mia. Aliweka mkono kifuani pa Baba, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka polepole kama cha mtoto. Aliuondoa mkono, akaanza kuhesabu tena. Ilikuwa hivyo kesho yake na kesho kutwa. Alikuwa kama zamu aliyelinda ghala miaka mingi, halafu wakaweka kufuli jipya wakamwambia aende kulala. Aende wapi, naye masikio yake yamejifunza kukesha?

Ilichukua kama miezi miwili. Usiku mmoja alilala saa tatu, akaamka saa kumi na mbili asubuhi bila kujua ni siku gani. Baba alikuwa amekwisha kuamka, amewasha makala, amechemsha chai mwenyewe. Alimtazama akasema:

– Mama, kumbe wewe hukuwa unalala?

– Nilikuwa nahesabu, Baba.

– Kila siku?

– Kila siku.

– Mpaka ngapi?

– Siku moja, thelathini na nane. Siku ile nilikuita kwa jina lako la ubatizo.

Baba alinyamaza muda mrefu. Tangu mwanzo alidhani kwamba katika nyumba hii aliyechoka ni yeye. Maumivu ya kichwa ya Mama, hasira zake za jioni, kusinzia kwake mbele ya chungu, vyote tulikuwa tumeviita kazi na watoto.

Shida ya umeme haijaisha. Mji wetu una shaba na kobalti, lakini taa zinazimika wakati wowote. Zikizimika, mashini inanyamaza; Baba anaamka kwa kukosa hewa ya kutosha, anavua kifuniko, analala bila kitu, na Mama anarudi katika zamu yake. Ndiyo sababu tulinunua betri ya volti 12 yenye ampea 100, pamoja na waya na kisanduku cha kugeuza nguvu, na baadaye kibao cha jua juu ya mabati. Hesabu ni nyepesi. Mashini yetu, ikiwa haipashi maji moto, inakula kama wati 30. Kwa saa 8 ni 240. Betri inabeba 1,200, na haifai kuila kupita nusu. Basi inatosha usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu tunaomba jua liwe limewaka.

Maji hayo ya moto ni ya kulainisha hewa. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, hewa ya hapa ni kavu, pua inauma, na bila maji Baba hawezi. Maji yanayofaa ni yale yaliyosafishwa kwa mvuke. Ya kisima chetu huacha ukoko mweupe, na kuyachemsha hakuuondoi. Hayo mazuri tunayanunua kwa miezi ile tu. Bomba tunalipitisha chini ya blanketi, kwa maana likipata baridi maji yanaganda ndani na kumdondokea puani. Vumbi jekundu la kiangazi nalo linajaza kichujio, kwa hiyo tunakitazama kila juma. Kifuniko kinaoshwa kila asubuhi kwa maji na sabuni, kazi ya mjukuu wetu wa kike, ambaye hataki mwingine akiguse.

Mwaka uliopita tulikwenda Likasi kwa kilio cha kaka yake Baba. Ni kilometa 120 hivi. Wanaume wanalala nje kuzunguka moto, na hakuna anayetaka kuonekana amelala peke yake chumbani kama mkubwa. Baba aliketi nao mpaka saa sita ya usiku, kisha aliweka mkeka wake karibu ya ukuta, betri kando, akavaa kifuniko mbele ya wote. Watoto walikuja na taa za simu. Shangazi yake, mzee sana, aliomba kuushika mpira, akasikia hewa inapita, akasema: “Ni hai,” akarudi kwenye nafasi yake.

Mashini hii haiponyi. Baba akiacha siku mbili, makelele yanarudi na hesabu inarudi. Lakini akiivaa, ile 46 ni 3 au 4 kwenye kioo chake, kichwa hakimwumi asubuhi, na anaamka kukojoa mara moja tu. Shindikizo la damu limeshuka kidogo. Vidonge bado anameza.

Yule jirani ambaye hakucheka, mke wake alikuja kwa Mama mwezi uliopita, mlango ukafungwa. Hakuuliza bei. Aliuliza: “Wewe ulikuwa unahesabu mpaka ngapi ndipo unamgusa?” Yeye anafika ishirini na tano. Wamekwisha kumwona munganga, nao wanangoja kipimo. Fedha za mashini hazijapatikana. Kwa sasa, kwa shauri la munganga, alishona mpira mdogo wa mtoto mgongoni mwa shati la kulalia, ili mume asilale chali, kwa maana chali ndiko koo linakoziba zaidi. Mume analalamika sana. Lakini analala kwa ubavu, na juzi mke alihesabu mpaka kumi na mbili tu.